Vidonge Anameza, Presha Haishuki

Kila Ijumaa asubuhi, kabla ya kuwasha pasi ya mkaa, Nusura alihesabu vidonge vya mume wake.

Alivimwaga juu ya meza ya cherehani. Vya presha upande huu, vya sukari upande ule. Alivisogeza kimoja kimoja kwa kidole, kama anachambua mchele. Kisha alitazama kalenda ukutani na kuhesabu siku.

Mume wake, Saadi, alisimama mlangoni na kikombe cha chai mkononi.

"Haya, hakimu," alisema. "Nimefungwa au nimeachiwa?"

"Vimetimia," Nusura alijibu. Hakucheka.

"Si nilikuambia?"

"Vimetimia hapa mezani. Kama vilivyopungua vilifika tumboni, hilo sijui. Huko porini labda unawapa tumbili."

Saadi aliweka kikombe chini. "Mama Najat, mimi ni mtu mzima na ndevu zangu. Nameza. Wallahi nameza."

Nusura alitaka kumwamini. Alimpenda mume wake, na alijua si mwongo. Lakini kila mwezi walikwenda kliniki, na kila mwezi presha ilikuwa juu. Daktari aliongeza dawa mara ya kwanza. Akaongeza mara ya pili. Presha ikabaki pale pale, na sukari nayo ikawa haishikiki. Mke akiona dawa zinaongezeka na ugonjwa haupungui, lazima aanze kumtazama mumewe kwa jicho la pembeni.

Walikaa Ngarenaro, nyuma ya karakana za magari. Kutwa nzima ulisikia nyundo na mashine za kuchomelea. Nusura alishona sare barazani: sare za shule, sare za wauguzi, sare za walinzi. Saadi aliendesha gari la watalii. Kazi hiyo aliianza mwaka 1992, wakati kampuni binafsi zilipoanza kuota Arusha kila kona. Sasa ulikuwa mwaka 2011. Miaka kumi na tisa alikuwa amepeleka wageni mbugani na kuwarudisha salama. Usukani ulikuwa kazi yake na heshima yake.

Mwezi wa pili mwaka ule, usukani huo alinyang'anywa.

Kampuni yao ilipima afya za madereva wote. Saadi alipimwa, akakutwa na presha ya 178 kwa 108. Meneja wao, Bwana Reginald, alimwita ofisini. Alikuwa mtu wa Marangu, mpole, ila akisema jambo harudii.

"Mzee Saadi, wewe ni dereva wangu wa kwanza," alisema. "Lakini nikikupa gari ukaanguka na wageni, nitamwambia nini Mungu? Msimu unaanza mwezi wa sita. Niletee barua ya daktari kabla ya hapo, kwamba presha yako imeshuka. Bila barua, sina namna. Nitatafuta dereva mwingine."

Kwa hiyo Saadi alibaki uani, akiosha magari ambayo wenzake waliyaendesha. Alirudi nyumbani viatu vimelowa. Alikaa kwenye kochi, akala, akanyamaza. Kabla sahani hazijatolewa, alikuwa ameshalala.

Kulala, ndugu msomaji, hakukuwa tatizo lake hata kidogo. Saadi alilala kwenye kochi. Alilala kwenye kiti cha kinyozi. Ijumaa moja alilala msikitini katikati ya hotuba, akakoroma mpaka imamu akasimama kungoja. Alikunywa soda nne kwa siku ili afumbue macho, na bado yalifumba.

Na kukoroma! Mtaa mzima ulimjua. Mafundi wa karakana walisema mashine ya Baba Najat haihitaji umeme. Nusura alivumilia miaka mingi. Mwishowe, miaka mitatu iliyopita, alichukua mto wake na kuhamia chumba cha binti yao, Najat. Hakukuwa na ugomvi. Alitaka kulala tu.

Hakuna aliyeona ubaya. Baba yake Saadi kule Kondoa alikoroma hivyo hivyo. Kwao mwanamume akikoroma, watu walisema ameshiba, ana amani, analala usingizi mnono.

*

Jumapili moja mchana, Nesi Eunike alikuja kuchukua gauni lake jeupe la kazi. Nesi Eunike alikuwa jirani yao, nyumba ya tatu. Alizaliwa Kikwe, na alikuwa amefanya kazi kliniki ya presha na sukari kwa miaka mingi. Mtu wa maneno machache, lakini akianza kufundisha hakuachii.

"Hodi hapa!"

"Karibu, dada Eunike. Gauni lako bado pindo la chini tu. Kaa hapo dakika kumi."

Nesi Eunike alikaa kwenye kigoda. Ndani, mlango ukiwa wazi, Saadi alikuwa amelala chali kwenye kochi. Alikuwa amekula pilau, na sasa alikoroma kwa bidii zote.

"Samahani kwa kelele," Nusura alisema. "Wenzetu wana redio, mimi nina mume."

Nesi Eunike alicheka. Kisha aliacha kucheka. Kukoroma kulikuwa kumekatika ghafla.

"Simamisha cherehani," alisema.

"Kuna nini?"

"Simamisha kwanza."

Cherehani ilinyamaza. Nesi Eunike alisogea mlangoni. Aliinua saa ndogo aliyoibana kifuani, akaitazama. Nusura alimfuata.

Saadi alilala kimya. Kifua chake kilipanda na kushuka kwa nguvu, kama mtu anayesukuma mlango uliofungwa. Lakini puani na mdomoni hakukupita kitu. Hata sauti ndogo ya pumzi haikusikika. Mara akashtuka mwili mzima. Akakoroma kwa kishindo, akavuta hewa, akaendelea kulala.

"Sekunde ishirini na sita," Nesi Eunike alisema.

"Za nini?"

"Za kutopumua. Mama Najat, mume wako alikaa sekunde ishirini na sita bila kupata hewa."

"Ah, ndivyo alivyo siku zote. Anapumzika kidogo, halafu anaendelea."

"Mtu hapumziki kupumua," Nesi Eunike alisema. "Ngoja. Tazama tena."

Walisimama mlangoni wote wawili. Pumzi ikakatika tena. Safari hii Nusura mwenyewe alihesabu, midomo ikicheza. Alipofika ishirini, alishika fremu ya mlango. Alipofika thelathini, alitaka kukimbia kumwamsha. Ndipo Saadi akashtuka na kukoroma tena.

"Ya Rabi," Nusura alisema. "Anakufa na kufufuka, nami nashona."

*

Walirudi barazani. Gauni lilikuwa limeanguka chini, na hakuna aliyeliokota.

"Nijibu polepole," Nesi Eunike alisema. "Asubuhi anaamka vipi?"

"Kichwa kinamuuma. Mdomo umekauka. Na amechoka kuliko alivyolala."

"Usiku anakwenda msalani?"

"Mara tatu, mara nne. Tulidhani ni sukari."

"Inaweza kuwa sukari. Inaweza kuwa na hili pia. Shingo yake ni nene?"

Hapo Nusura hakuhitaji kukisia. Alivuta droo ya cherehani, akatoa daftari la vipimo. Mashati ya Saadi aliyashona yeye. "Mwaka 2005, shingo inchi kumi na sita," alisoma. "Mwaka juzi, kumi na saba na nusu. Mwaka huu, kumi na nane na nusu. Mimi napanua kola tu, sijiulizi."

"Wanaume wengi wenye shida hii wana shingo ya inchi kumi na saba kwenda juu. Daftari lako ni kama cheti cha kliniki, mwenzangu. Swali la mwisho. Anatumia dawa nyingine yoyote?"

Nusura aliinamisha kichwa. "Alilalamika kwamba anaamka amechoka, kama hakulala. Nikamnunulia vidonge vya usingizi pale duka la dawa. Anameza kimoja kila jioni."

"Aliandikiwa na daktari?"

"Hapana. Muuzaji alisema havina neno."

"Acheni leo hii hii," Nesi Eunike alisema, na sauti yake ilikuwa kali. "Sikiliza nikueleze. Umeona mpira wa kuoshea gari? Mtu akiukanyaga, maji yanakatika. Bomba liko wazi, maji yanasukuma, lakini hayapiti. Sasa koo la mtu ni laini. Akilala, nyama za koo na ulimi zinalegea. Kwa wengine zinalegea mpaka njia ya hewa inaziba. Kifua kinavuta, hewa haipiti. Hivyo vidonge vya usingizi vinalegeza koo zaidi. Pombe nayo ni hivyo hivyo."

"Pombe hanywi."

"Vizuri. Ugonjwa huu unaitwa kukatika pumzi usingizini. Hewa ikikatika, mwili unadhani unakabwa. Unashtuka. Moyo unakwenda mbio, mishipa ya damu inabana. Koo linafunguka kidogo, anapumua, analala. Halafu linaziba tena. Kwa wengine mara thelathini kwa saa moja, usiku kucha. Mtu kama huyo asubuhi utamkuta na presha gani?"

"Ya juu," Nusura alisema polepole.

"Ya juu, hata kama dawa amemeza. Dawa inaishusha mchana, usingizi unaipandisha usiku. Na sukari nayo ni hivyo. Mwili ukiwa na hofu unamwaga sukari kwenye damu, upate nguvu ya kukimbia. Lakini mtu amelala, hakimbii popote. Sukari inabaki kwenye damu, na insulini inashindwa kufanya kazi yake vizuri."

Nusura aliokota gauni, akalipangusa vumbi. Alikuwa anakumbuka zile Ijumaa zote, vidonge vikitimia mezani, naye akimwita mwongo mbele ya mtoto. Alikumbuka pia mto wake, siku aliyouchukua na kuhama.

"Dada Eunike, mimi ndiye ningemsikia," alisema, na machozi yakamtoka. "Mimi peke yangu. Nikahama."

"Ulihama kwa sababu ulitaka kulala. Hakuna aliyekufundisha cha kusikiliza. Sasa umefundishwa."

*

Saadi alipoamka na kuelezwa, alicheka mpaka akakohoa.

"Mimi sipati usingizi? Mimi? Ngarenaro yote hakuna anayelala kunishinda!"

"Unalala saa nyingi," Nesi Eunike alisema. "Lakini hupumziki. Ukiwa mbugani unalala na nani?"

"Peke yangu. Wenzangu wamenipa chumba changu, kwa heshima ya umri."

Nusura alimtazama. Kisha alichukua simu na kumpigia Lesikar, mtu wa Oldonyo Sambu, dereva mwenzake Saadi na rafiki yake wa siku nyingi. Aliweka simu mezani ili wote wasikie.

"Shemeji, habari za nyumbani?" Lesikar aliitikia.

"Salama, shemeji. Nijibu kweli. Kwa nini Saadi analala peke yake kambini?"

Lesikar aliangua kicheko. "Heshima ya umri! Shemeji, tulimhamishia stoo ya magurudumu. Simba wenyewe walilalamika." Halafu akaacha kucheka. "Lakini kuna usiku nilipita nje, nikasikia amenyamaza ghafla. Nilidhani amekufa. Nilimtikisa, akanitukana."

"Kuna lingine?"

Lesikar alishusha sauti. "Hajakuambia la Makuyuni?"

"Lesikar!" Saadi aliita, lakini alikuwa amechelewa.

"Mwezi wa kwanza, shemeji. Mchana kweupe, barabara imenyooka kama uzi. Nilikuwa nyuma yake na gari langu. Gari lake likaacha lami polepole, likaingia majanini. Wageni wanapiga kelele. Aliamka na kukanyaga breki, mti uko hatua tatu mbele. Hakuumia mtu. Alinisihi nisiseme."

Simu ilikatwa. Saadi aliangalia mikono yake.

"Walikuwa wageni wanne," alisema kwa sauti ndogo. "Na mtoto mmoja. Nilisema nyani amekatiza barabara. Nusura, sikulewa. Sikutaka kulala. Macho yalifumba yenyewe." Alifuta uso kwa kiganja. "Niambieni pa kwenda. Nitakwenda."

*

Nesi Eunike alimwandikia barua ya kwenda hospitali ya rufaa kule Moshi. Siku ya miadi ilikuwa baada ya wiki mbili. Wakati wakingoja, alimpa masharti: asilale chali, alale ubavu. Aache vidonge vya usingizi. Za presha na za sukari aendelee nazo bila kukosa.

"Nitajuaje kama nimegeuka chali nami nimelala?" Saadi aliuliza.

Nusura alipata jibu kwenye fani yake. Alichukua fulana kuukuu, akashona mfuko mgongoni, katikati ya mabega. Ndani akatia mpira mdogo wa kuchezea wa Najat. Saadi akigeuka chali, mpira ulimbonyeza, akarudi ubavu. Kukoroma kulipungua kidogo. Hakukuisha.

"Ukisajiliwa na timu usinisahau," Lesikar alimwambia alipoiona fulana ile imeanikwa.

Moshi walimkuta Daktari Aminiel, kijana mwenye miwani. Alimtazama Saadi kooni, akampima shingo na uzito. Alimpa kifaa kidogo cha kulala nacho usiku mmoja. Kifaa kilibana kidole, na kamba yake ikazunguka kifua. Walilala kwa ndugu yao pale Moshi, asubuhi wakakirudisha. Daktari aliunganisha kifaa na kompyuta.

"Mzee, pumzi yako inakatika mara arobaini na moja kwa saa," alisema. "Hewa kwenye damu inashuka mno. Si ajabu presha inagoma."

"Kuna dawa?" Nusura aliuliza.

"Si ya kumeza." Daktari alitoa mashine ndogo, ukubwa wa redio ya mkononi. Ilikuwa na bomba refu na kifuniko cha pua. "Hii inasukuma hewa ya kawaida, kwa nguvu ndogo. Hewa inashikilia koo lisizibe. Hailazi mtu, haina dawa ndani. Lakini inafanya kazi ukiivaa tu. Uvae kila usiku, usiku mzima."

"Mpaka lini?"

"Ukipungua uzito sana, tutapima tena. Wengine hawaihitaji tena. Wengine wanaihitaji siku zote."

Mashine ilikuwa ghali. Saadi aliuza pikipiki yake, hakulalamika.

Msidhani mambo yalinyooka siku hiyo. Asubuhi ya kwanza, Najat alimkuta baba yake na bomba usoni.

"Shikamoo baba," alisema, akijizuia kucheka. "Umekuwa tembo?"

"Marahaba. Nenda shule."

Hewa ilimkausha pua. Kifuniko kilivuja pembeni, kwa sababu ya ndevu. Siku ya tano aliitupa mashine chini ya kitanda na kusema afadhali afe na sura yake. Nusura hakugombana naye. Alimpigia Daktari Aminiel. Daktari alisema kuna kifuniko kingine kidogo, kinachokaa kwenye tundu za pua tu, na ndevu hazikisumbui. Alisema pia watie maji kwenye chombo cha mashine, hewa isiwe kavu. Kifuniko kilikuja na gari la abiria. Mkanda wake ulikuwa mgumu, ukamkwaruza Saadi mashavu. Nusura aliuvalisha kitambaa laini cha pamba, mshono wa ndani.

Halafu ukaja mgawo wa umeme. Umeme ukikatika, mashine ilizimika, na Saadi aliamka akihema. Walikaribia kukata tamaa. Lakini Saadi aligeuza mashine, akasoma maandishi ya nyuma. Dereva wa miaka kumi na tisa anajua betri.

"Volti kumi na mbili," alisema. "Kama gari."

Alimpigia daktari kuuliza. Daktari akasema ndiyo, mashine hiyo inakubali betri ya gari, mradi utumike waya wake maalumu. Waya ulipopatikana, Saadi aliweka betri pembeni ya kitanda, ndani ya kasha la mbao. Tangu siku hiyo umeme ulikuja na kwenda bila yeye kujua.

*

Nusura alirudisha mto wake wiki ya tatu.

"Mama, unahama?" Najat aliuliza, na furaha yake haikufichika. Kitanda kilikuwa kidogo.

"Narudi kwangu," Nusura alisema.

Usiku wa kwanza hakupata usingizi. Chumba kilikuwa kimya, na kimya hicho kilimtisha. Mashine ilipuliza taratibu tu. Aliweka kiganja kwenye kifua cha Saadi. Kilipanda na kushuka bila kupigana na kitu chochote. Aliacha kiganja pale pale.

Saadi alianza kubadilika. Aliamka kabla ya adhana. Kichwa hakikumuuma. Usiku alikwenda msalani mara moja tu, au asiende kabisa. Soda aliziacha bila kulazimishwa, kwa sababu macho yalikuwa yanafumbuka yenyewe. Na kwa kuwa alikuwa na nguvu, alianza kwenda kazini kwa miguu na kurudi kwa miguu. Wali ukapungua sahanini, mboga zikaongezeka.

Mwisho wa mwezi wa tano walikwenda kliniki. Nesi Eunike alimfunga mkanda wa kupimia mkononi. Nusura alikaa pembeni, vidole vyake vimeshikana. Aliogopa namba kuliko Saadi mwenyewe. Kama isingeshuka, usukani ulikuwa umekwenda.

Nesi Eunike alipima. Alitazama namba, akapima tena.

"Sema basi!" Nusura alisema.

"134 kwa 84."

Nusura alijifunika uso kwa mtandio. Saadi aliinuka nusu, akakaa tena.

"Na sukari ya asubuhi," Nesi Eunike aliendelea. "Ilikuwa kumi na moja. Leo ni saba na nusu. Bado hatujafika, lakini tuko njiani."

"Basi vidonge nivitupe!" Saadi alisema kwa furaha.

"Thubutu! Ukitupa vidonge, nami nitamwita Reginald mwenyewe. Mashine inasaidia vidonge kufanya kazi. Haichukui nafasi yake. Kwa wengine presha inashuka sana, kwa wengine kidogo. Dozi ataipunguza daktari, si wewe. Na sukari usiisifie mashine peke yake. Soda umeacha, unatembea, unakula vizuri. Vyote vimesaidiana."

Daktari wa kliniki alisoma vipimo, akampima tena Saadi na kumuuliza maswali mengi kuhusu usingizi wa mchana. Kisha akaandika barua. Saadi aliikunja mara nne na kuiweka mfuko wa shati, upande wa moyo.

Bwana Reginald aliisoma barua hiyo mara mbili, akafungua droo na kutoa ufunguo. Saadi hakuupokea.

"Kwanza nikuambie jambo la Makuyuni," alisema. "Halikuwa nyani."

Alimweleza yote. Reginald alisikiliza mpaka mwisho. Aliuweka ufunguo katikati ya meza.

"Ungeniambia mwezi wa kwanza, ningekufukuza," alisema. "Leo unaniambia una dawa yake. Chukua. Lakini mashine hiyo iingie kwenye orodha ya vifaa vya gari, pamoja na jeki na tairi la akiba. Bila hiyo huondoki." Kisha akaongeza, kama anajisemea, "Na madereva wengine nao waulizwe wanalalaje."

*

Saadi aliondoka Jumanne, mwezi wa sita. Nusura alimfungia begi: nguo, mashine, waya, kifuniko, vidonge vya siku sita ndani ya kopo. Hakuvihesabu. Alimkabidhi kopo na kumwambia, "Safari njema, Baba Najat."

"Hakimu leo amepumzika?"

"Hakimu amejiuzulu. Alihukumu vibaya. Nisamehe."

Saadi alimshika bega, akasema yamekwisha, akaenda.

Siku nzima Nusura alishona bila kuona anachoshona. Mchana, saa za Makuyuni, alikosea mshono mara mbili akafumua. Najat alirudi shule, akamkuta ameshika simu mkononi.

Saa kumi jioni simu ililia. Alikuwa Lesikar.

"Shemeji! Tumefika salama."

"Makuyuni?"

"Nilikuwa nyuma yake njia nzima. Gari limenyooka kama uzi. Pale penye ule mti alipiga honi, kuusalimia."

Nusura alivuta pumzi ndefu. Ilikuwa kama ya kwanza tangu asubuhi.

"Lakini kuna watu walilala, shemeji, siwezi kukuficha," Lesikar aliendelea.

"Nani?" Nusura alishtuka.

"Wageni wake. Wote wanne, vichwa vimeanguka, midomo wazi. Yeye mbele, macho makavu, anawapeleka."

Nusura alicheka, na machozi yakamshuka papo hapo, mpaka Najat akamwuliza kuna nini. Alimwambia baba yake amefika. Kisha alivuta cherehani, akatia uzi, akamalizia kola ya shati jipya la Saadi. Ilikuwa inchi kumi na saba na nusu.